Shamba la Shangazi Kugeuzwa Msitu

Kazi yangu ya kwanza ya kukaa kwenye kiti niliipata Kilosa mjini, katika mradi uliotaka kuijua mimea yote ya wilaya na kuipanga katika jamii zake. Kiti kilikuwa mbele ya kompyuta, na ndani ya kompyuta mlikuwa na kanzidata kubwa ya ploti zilizokusanywa na watafiti wa miaka mingi. Mtafiti anazungushia kamba kipande cha ardhi, anaandika kila mmea anaouona humo, anaondoka. Kompyuta inalinganisha ploti zote, zenye mimea inayofanana inaziweka kundi moja, na kundi linapewa jina. Wataalamu wetu waliiamini kuliko macho yao, ambayo kwa kweli hawakuyachosha sana.

Ploti nyingi zilipimwa kando ya barabara, maana mtafiti naye ni binadamu na gari lina kiyoyozi. Nilipofuatana nao hifadhini Mikumi, askari aliyepewa bunduki atulinde na wanyama alisema yeye haendi mahali asipoliona gari. Basi tukapima mpaka pale gari lilipoanza kupotea machoni, tukarudi. Ripoti ikaandika kwamba jamii ile ya nyasi imeenea ukanda mzima. Ilienea mpaka ujasiri wa askari ulipoishia.

Kulikuwa na kichekesho kingine, ingawa ofisini hakuna aliyecheka. Mtafiti asipoutambua mmea huandika "haujulikani, namba moja". Sasa kila mtafiti alikuwa na namba moja yake: kwa huyu ni nyasi za bondeni Kilangali, kwa yule ni kichaka cha milimani. Kompyuta ikaziona zote kuwa mmea mmoja, ikatutangazia kwamba mmea uliotamalaki wilaya ya Kilosa ni ule usiojulikana. Mkuu wetu aliagiza utengenezewe ramani yake.

Ningekuwa nacheka mpaka leo kama wapimaji wetu wasingefika kijiji cha Kisanga. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuwahi kutembelewa na mradi.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, analima huko. Shamba lake lina pande mbili: upande mmoja analima, mwingine anaupumzisha, na visiki vya miombo na mininga anaviacha makusudi vichipue mpaka udongo upate nguvu. Ndivyo walivyolima wazazi wake. Wapimaji wakapita, wakaweka kamba yao upande uliopumzika. Kompyuta ikakuta myombo, mninga na mlama, ikaamua kwamba ule ni msitu mchanga.

Nilimwambia mtaalamu aliyesimamia ramani kwamba lile ni shamba la shangazi yangu, na visiki vyake vina makovu ya panga. Akaniuliza kama kanzidata ina safu ya makovu ya panga. Nikasema haina.

"Basi hatuwezi kuyazingatia," akasema kwa upole, kama daktari anayetoa habari mbaya za mgonjwa wa mtu mwingine.

Ramani ya mimea ya Kisanga ikapelekwa kwenye mkutano wa kijiji wa kupanga matumizi ya ardhi, ikaonyeshwa kwa projekta kwenye ukuta wa darasa. Shangazi alikaa mbele, amevaa kitenge chake cha kanisani. Alipoliona shamba lake ukutani akanigusa goti.

"Lile langu, lile la kijani. Limependeza."

"Shangazi, kijani maana yake msitu."

"Msitu wa nani?"

"Wa kijiji. Haulimwi."

Akasimama. Mtaalamu alimwamkia shikamoo, sina budi kumpa haki yake.

"Marahaba, mwanangu. Msimu huu zamu ya kulimwa ni ya upande huo. Ule mwingine umechoka. Mimi nikalime wapi?"

Mtaalamu akaeleza kwamba ramani haina ubaya na mtu, inafuata mimea tu. Mimea ikibadilika, na ramani itabadilika. Nadhani alifikiri amemfariji.

Shangazi alilichukua neno lile kama lilivyo. Nilipopanda tena Kisanga nilimkuta anasimamia moto. Machipukizi yote yalikuwa yamefyekwa, na visiki, ambavyo ukoo wetu haukuwahi kuvigusa, vimeng'olewa na mizizi yake. Ng'ambo ya bonde majirani nao walikuwa wakichoma.

"Hata visiki, Shangazi?"

"Visiki ndivyo vilivyonishtaki."

Nilishikwa na hasira, na wa kumkasirikia pale hakuwapo.

Wapimaji wakarudi na kamba. Hawakukuta myombo wala mninga, na upande ule ukapakwa njano, rangi ya mashamba. Ofisini wakapeana mikono. Mtaalamu akaniambia, unaona, mfumo unajirekebisha wenyewe.

Siku hizi Kisanga hakuna anayethubutu kupumzisha ardhi. Shangazi analima pande zote mbili kila msimu, na mvua inateremsha udongo mpaka mtoni. Mwaka huu mahindi yake yaliishia kiunoni, hayakubeba. Nikanunua gunia Dumila, nikampelekea. Alilipokea kwa mikono miwili, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kula mahindi ya kununua, akaniuliza kama kwenye ramani bado ni mkulima.

Nikamwambia ndiyo.