Wimbo Uliotoka Shimoni

Juzi mjukuu wangu alileta fundi barazani aje kukata mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Msumeno ulipoanza tu, ikanipanda puani harufu ya mvule, ile kali inayowasha kama pilipili, nikapiga chafya tatu mfululizo. Mjukuu akataka kuniingiza ndani nisije nikaugua. Nikamwambia aniache. Hiyo ndiyo harufu ya baba yangu, na kwa kuivuta tu nilikuwa nimeshafika Keko.

Keko ya utoto wangu, Mwingereza akiwa bado anatawala, ilikuwa na maseremala kama ilivyo leo, ila mbao hazikuja zimepasuliwa. Zilipasuliwa hapo hapo kwa mikono. Gogo lililazwa juu ya shimo, mtu mmoja akasimama juu yake, mwenzake akaingia chini, wakavutana msumeno mrefu kutwa nzima. Wa juu alikuwa Mzee Pazi, mtu wa maneno mengi. Wa chini alikuwa baba, na vumbi lote lilimshukia yeye.

Mimi nilikuwa na miaka sita, nasoma vidudu. Siku hizo neno chekechea lilikuwa halijazaliwa. Watoto ambao hatujafikia darasa la kwanza tuliitwa vidudu, na hatukuona ubaya, maana kweli tulitambaa kila mahali. Mwalimu wetu, Mwalimu Eliwaza, alikuwa msichana mwembamba kutoka Upare mwenye sauti ya kanisani. Sisi watoto wa Kizaramo tulimwogopa wiki moja, kisha tukampenda kupita kiasi.

Mwaka huo shule kubwa iliandaa sikukuu ya wazazi, na mwalimu mkuu hakututaka. Mwaka uliotangulia vidudu walipanda jukwaani wakaimba nusu ya wimbo, nusu iliyobaki wakalia. Akamwambia Mwalimu Eliwaza kwamba safari hii atatusikiliza kwanza, na tukishindwa kuufikisha wimbo mwisho, tutakaa nyumbani. Ninyi mnaweza kuliona jambo dogo. Mimi nilikuwa nimeshamtangazia baba kwamba nitaimba, naye alikuwa amesema atakuja, na kanzu atavaa. Baba hakuwa mtu wa kwenda popote ila shimoni na msikitini. Nilitaka anione kuliko nilivyotaka kula.

Mwalimu akaanza kutafuta wimbo. Alitujaribia wa kwao milimani, mtamu ajabu, lakini tulipofika katikati ya mstari pumzi zikakatika. Akatujaribia wa Kiingereza, tukauimba kama watu wenye uji mdomoni. Bibi mmoja wa mtaani alimletea wimbo wa harusi, mwalimu akausikiliza hadi mwisho kwa adabu, akashukuru, asiufundishe. Kila tulipoimba alipita nyuma yetu akituwekea kiganja mgongoni, mmoja baada ya mwingine. Tulidhani anatubembeleza, kumbe alikuwa anapima pumzi zetu. Alisema wimbo ukikizidi kifua cha mwimbaji, wimbo huo si wake. Zikabaki siku nne, wimbo hakuna.

Siku hiyo nilijikwaa nikachubuka goti, mwalimu akanirudisha nyumbani mwenyewe. Njia ilipita shimoni. Msumeno ukipanda, Mzee Pazi alitoa mstari. Ukishuka, baba alijibu kutoka chini:

Mti wa bara — shuka.
Mti mkaidi — shuka.
Nyumba yangoja — shuka.

Hiyo ndiyo mistari ya heshima. Mingine ilihusu wanawake wa mjini, na Mzee Pazi alipomwona mwalimu aliumeza mmoja katikati, akajitia kukohoa.

Mwalimu alisimama juani akiwasikiliza. Kisha akainama ukingoni akasema, "Shikamoo, baba." Nilishika mkono wake kwa nguvu. Sikuwahi kumsikia mtu aliyesoma akimwamkia mpasua mbao, tena aliye shimoni. Baba akapanda ngazi, amejaa vumbi mpaka kwenye kope, hajui aiweke wapi mikono yake. Mwalimu akamwomba ruhusa wimbo ule uimbwe na watoto.

"Huu si wimbo, mwalimu," baba akasema. "Huu wa kuvutia pumzi tu."

"Basi ndio ninaoutafuta."

Jioni ile Mzee Pazi alikalishwa juu ya gogo atunge mistari mipya. Alitii, huku akilalamika kwamba wimbo usio na mwanamke ni mchuzi usio na chumvi. Mwalimu mkuu alipokuja kutusikiliza, tuliufikisha mwisho bila hata kuhema. Akataka turudie, eti hakusikia vizuri.

Siku ya sikukuu nusu yetu walisimama juu ya mabenchi, nusu tukakaa chini mbele yao. Mimi niliomba niwe wa chini. Wa juu wakaanza, "Mti wa bara," na kabla hatujafungua midomo, sauti nzito ikatoka nyuma ya uwanja: shuka. Wapasua mbao wote wa Keko walikuwa wamekuja, na hawakukusudia kujibu. Miili yao ilijibu yenyewe. Mwalimu mkuu akainuka kutaka kuwanyamazisha. Mwalimu Eliwaza hakugeuka, akatuonyesha kwa mikono tuendelee. Tukajibu pamoja nao, sauti zetu nyembamba juu ya zile nene, mpaka nikaisikia ardhi ikitetemeka chini yangu. Wanawake walikuja kutufunika kanga, maana mcheza kwao hutunzwa. Nimeishi miaka mingi, nimesikia mengi makubwa, sijapata kusikia kitu kama kile.

Nikamtafuta baba. Alikuwepo, kanzu nyeupe, mkono kifuani, mdomo umefungwa. Wimbo mzima hakutamka hata neno moja. Niliumia sana. Nikamnunia siku mbili, naye hakuniuliza sababu.

Baba alifariki nikiwa darasa la nne, kwa ugonjwa wa kifua. Nilikuwa nimeshakuwa mama nilipokwenda kumjulia hali Mzee Pazi, nikamweleza lile donge langu la utotoni. Hakucheka.

"Baba yako zamani alikuwa anajibu mstari mzima," akasema, "na sauti alinishinda. Vumbi likamkaba. Kila mwaka akipunguza neno, mpaka likabaki moja. Hilo nilimkataza kuliacha. Mie kule juu nilikuwa simwoni kwa vumbi. Akijibu, najua yupo."

Ule wimbo ulitutosha watoto kwa sababu ulikuwa umekatwa kwa kipimo cha kifua chake. Na siku ile uwanjani, hata lile neno moja lilimshinda. Watu wote walikuwa wanatutazama sisi. Sasa ndipo nakumbuka kwamba Mzee Pazi peke yake alikuwa ametupa mgongo, anamtazama baba, anangoja ajibu.