Plasta ya Jicho la Mama

Kule Mwakitolyo, kwenye machimbo, gari lililokaa chini nyuma huchekwa. Watu husema mwenye nalo hajapata dhahabu hata ya kujaza ukucha. Basi wanaume hufunga matairi makubwa ya pikapu nyuma, mbele huacha yale yale madogo, gari linabinua makalio, nao huzunguka nalo sokoni wamevimba vichwa. Kaka yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, alilifanyia hivyo gari lake dogo. Lilinichefua tangu siku ya kwanza.

Taa ya njano ya ABS, ule mfumo wa breki, ikawaka kwenye dashibodi, isizime tena. Fundi alimweleza mbele yangu bila kuzunguka: kila gurudumu lina kifaa cha kupima mwendo wake, na tairi kubwa huzunguka polepole kuliko dogo. Kompyuta ikiona ya mbele na ya nyuma hayapatani, mfumo unajizima. Ukikanyaga breki kwa nguvu magurudumu yanaganda, usukani hausikii. Akamwambia arudishe saizi yake.

"Fundi, hiyo ni taa tu," kaka akamjibu.

Siku chache baadaye tulikwenda Shinyanga mjini kumchukua mama hospitalini. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho, na la pili lilikufa zamani. Daktari alitukanya kabisa: asitikisike, asigonge kichwa. Tukapewa pamba na plasta kidogo. Kabla ya kuwasha gari, kaka akakata kipande cha plasta ile ile, akaifunika nacho ile taa ya njano. Nikamwomba aende taratibu. Akaongeza sauti ya redio.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mbele yetu ng'ombe wakaanza kuvuka barabara, kaka akakanyaga breki na kukata usukani. Gari halikukata kona. Liliteleza moja kwa moja kama sabuni kwenye sinia, likaingia mtaroni. Nilikuwa nimemkumbatia mama kichwa, lakini bado alijigonga kwenye kiti cha mbele.

"Mayu, umeumia?" kaka akauliza.

"Jicho limelowa," mama akasema.

Wachungaji wakaja kutusaidia. Mmoja akasema matairi makubwa ndiyo yametuokoa, na kaka, bila haya, akaitikia kwa kichwa. Sijawahi kumchukia mtu wa damu yangu namna ile.

Pamba ya mama ilikuwa imejaa damu. Nikafunga nyingine, plasta haikutosha. Kaka akabandua kile kipande cha kwenye dashibodi, kimejaa vumbi na alama za vidole vyake, akaninyooshea. Nilikitupa kwenye matope.

Gari la watu likatubeba kuturudisha hospitali, mimi nimeishikilia pamba kwa kiganja njia nzima. Kaka hakuja. Alisema akiondoka wataiba matairi.

Mama haoni tena. Matairi hayakuibiwa.