Chupa ya Balozi Frijini

Karugendo alipochaguliwa kuwa balozi wa nyumba kumi, cheo kilimkaa mwilini kuliko chakula. Kabla ya hapo alikuwa mkulima tu wa Muleba, mwenye kibanja cha migomba na kahawa kama jirani yeyote. Baada ya hapo alianza kukaa benchi la mbele kanisani na kukohoa kabla ya kusalimia. Mbuzi wake akiingia shamba la mtu, basi mbuzi huyo alikuwa katika shughuli za Chama.

Mwaka wa sabini na nne aliitwa Bukoba kwenye semina ya uongozi kusomeshwa siasa ya kujitegemea. Mchana alisinzia darasani, jioni alichangamka kwenye vilabu vya pombe. Alirudi kijijini na beji mpya kifuani, na kisonono chini ya mkanda.

Hakumwambia mtu. Kila asubuhi alikwenda nyuma ya nyumba, akaukumbatia mgomba kwa mikono miwili, akakojoa huku machozi yanamtoka. Kisha alijifuta uso na kwenda kukagua usafi wa vyoo vya majirani.

Mkewe Benigna alipoanza kuumwa tumbo la chini na kutokwa na uchafu, balozi aliona mlango wa kutokea. Alitangaza, kwa sauti ile ya mkutanoni, kwamba ugonjwa umeingia nyumbani mwake na yeye hajui umepitia wapi. Benigna alielewa maneno hayo yanaelekea wapi. Ukoo ukikubali kwamba yeye ndiye aliyeuleta, atarudishwa kwa baba yake mikono mitupu, watoto wabaki, na kibanja alichokilima tangu aolewe kipate mwanamke mwingine.

"Twende tukapimwe wote wawili," alisema.

Karugendo angekataaje, na juzi tu amehutubia juu ya afya? Walikwenda zahanati. Nesi Kokuberwa alimchukua kila mmoja uchafu kwa pamba ya kijiti, akaichomeka kwenye kichupa chenye uji mzito mweusi. Akawaeleza kwamba maabara ya Bukoba itaotesha wadudu waonekane kama wapo, na kwamba lori la kahawa litaondokea dukani kwao asubuhi, basi waende navyo nyumbani na kuvipakia wenyewe.

"Usiku vilale mahali pa joto," alisema. "Visipate baridi."

Benigna alikifunga cha kwake kwenye pindo la kanga akalala nacho kifuani. Karugendo aliona ni aibu kichupa cha kiongozi kulala kwenye nguo, kama ugoro wa bibi kizee. Duka la kijiji lilikuwa na friji ya mafuta ya taa, friji pekee mwendo wa nusu siku, na ndani yake zililazwa soda za wageni kutoka wilayani. Alikipeleka huko.

"Kiweke juu kabisa, karibu na barafu," alimwambia Burhani, muuza duka.

"Nesi amesema kiwekwe kwenye friji?"

"Nesi anajua ya wagonjwa, Burhani. Ya viongozi niulize mimi."

Burhani alisogeza soda mbili kukipisha.

Majibu yalirudi. Wadudu wa Benigna walikuwa wameota tele, wa Karugendo hakuota hata mmoja. Aliyeshangaa kuliko wote ni Karugendo mwenyewe, maana ndiye aliyejua anavyokojoa. Lakini hadi jioni alikwisha kujiamini. Kama Serikali imemwona mzima, yeye ni nani aibishie? Sindano aliikataa, akisema mzima hachomwi. Benigna alichomwa, akapona, na akiwa amepona hivyo mumewe akaita kikao cha ukoo ili afukuzwe.

Wazee walikaa sebuleni, kahawa ya kutafuna ikazungushwa, kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kikaletwa. Mwenye nyumba hutangulia kunywa, tena anywe wageni waone, ndipo wengine nao waguse. Karugendo alilowesha midomo tu. Siku hizo aliogopa kila kinywaji.

"Umetuwekea nini humu?" aliuliza Mzee Ishengoma, baba yake mdogo, akimwita "baba" kwa Kihaya. "Kunywa, tata."

Alikunywa. Kibuyu kilizunguka, kikamrudia, akanywa tena. Kisha alimsimamisha nesi Kokuberwa, shahidi aliyemwalika mwenyewe. Benigna alipotikisa kichwa kukubali siri yake itajwe, nesi alieleza majibu kama yalivyokuwa. Karugendo alitabasamu.

"Swali moja, balozi," alisema nesi. "Kichupa chako kililala wapi?"

"Kwenye friji ya duka," alijibu kwa fahari. "Juu kabisa, karibu na barafu. Burhani ni shahidi."

Nesi alimtazama kwa huruma. "Wadudu hawa hawavumilii baridi, wanakufa. Na maabara huotesha walio hai tu. Majibu yako hayasemi kwamba hukuwa nao. Labda uliwaua njiani."

Karugendo alifungua mdomo atoe hotuba, lakini rubisi ilikuwa imeshuka ilikoshuka. Alibana mapaja. Mzee Ishengoma alimwona.

"Nenda nje ukajisaidie, tata. Hapo nyuma tu. Sisi tutanyamaza."

Alijitetea kwamba hana haja, jasho likimtiririka, mwisho akatoka mbio. Wazee walinyamaza kweli. Walisikia majani ya mgomba yakitikisika, kisha mlio kama wa ndama aliyekanyagwa, kisha balozi wao akimwita Bikira Maria.

Aliporudi hakuna aliyemcheka, na hilo lilimuumiza zaidi. Mzee Ishengoma aliamua kwa maneno machache: Benigna habanduki, na anayetoka kwenye nyumba hiyo ni Karugendo, hadi nesi aseme amepona.

Benigna alimgeukia mumewe.

"Mgomba ule umeinama kwa kukumbatiwa," alisema. "Kila asubuhi ulikuwa ukilia pale, halafu unaingia ndani kula nilichopika. Wadudu hukuwajua, sawa. Lakini kwamba unaumwa ulijua, na ulikuwa umeshanifungia mzigo wangu."

Karugendo alikohoa kama anayetaka kuhutubia. Kisha alichukua kofia yake akatoka.