Matusi Niliyoyakosa Kambini

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuka mto pale Kivukoni, kwetu Ifakara, asubuhi, mwiko wangu nimeuchomeka kwenye kanga, nikaenda kambi ya wageni waliokuja kuhesabu sheshe, yule swala wa bondeni kwetu. Mume wangu alikuwa ameshafariki, watoto wametawanyika. Shule niliishia darasa la nne. Lakini kupika ninajua, na hilo simwachii mtu anisemee.

Mkuu wa Kambi, Mzungu mrefu, mpole, alinionyesha tanuri: debe limelazwa mchangani. Mkate tulioka kwa kupalia, yaani makaa chini na makaa mengine juu ya bati. Ya juu yakizidi, ngozi inaungua na ndani kubichi. Moto unaupima kwa kiganja. Maji ya kunywa tulichemsha, tukayachuja. Miaka yote ile hakuna mgeni aliyeharisha kwa mkono wangu.

Aliyenikaribisha hasa alikuwa dereva, Komba, Mngoni wa Songea. Alichungulia sufuria yangu.

"Wewe mama kabila gani?"

"Mpogoro."

"Tumekwisha! Wametuletea Mpogoro jikoni!"

"Afadhali mfe. Panya wa kambi umewamaliza wote, nikupikie nini?"

Alicheka mpaka akashika mlango. Nyinyi wajukuu hamjui raha hii. Wangoni na Wapogoro ni watani, nasi huwacheka kwa kula panya. Mababu zetu walipigana wakachoka, wakaturithisha ruhusa ya kutukanana bila kununiana. Mtu mpweke akitukanwa na mtani wake asubuhi, anajua yupo duniani.

Wageni nao walikuwa na neno lao, fun. Karani wa kambi, kijana msomi wa Dar, aliniambia maana yake ni raha. Sawa, lakini mimi niliwatazama. Kucheza karata, fun. Kutembea juani bila safari, fun. Gari likazama matopeni, wakasukuma, wakarudi weusi kama kambare, nalo fun! Sisi tumeyagawa: raha mbali, mchezo mbali, mzaha mbali, na utani una wenyewe. Wao wameyatia yote kapu moja.

Siku moja wakati wa chakula, Komba alinyanyua kipande cha mkate mbele ya wageni. "Mkate huu umefanana na aliyeupika. Nje umeungua, ndani mbichi."

Nikamjibu, "Na bado unaula, njaa ya Songea haijakutoka!"

Mkuu wa Kambi alimuuliza Karani tunasema nini. Yule kijana akamfasiria neno kwa neno, kama anasoma mashtaka. Mkuu akawa mwekundu. Jioni akaniita ofisini, Karani pembeni akifasiri.

"Mama, dereva anakutukana?"

"Ananitukana. Na mimi namtukana. Ni mtani wangu." Hilo la mtani Karani hakulipatia Kizungu, akalipita.

"Kila siku?"

"Kila siku, bwana."

"Usiogope kusema ukweli."

"Siogopi. Nimezoea."

Karani alipolifasiri hilo la kuzoea, Mkuu alifumba macho kama mtu aliyechomwa mwiba. Akaniambia kwa Kiswahili chake, taratibu, "Hapa hakuna mtu atakutukana tena." Alikuwa ananipa zawadi, na mimi nilikuwa naiona inavyoniua.

Kesho yake Komba aliambiwa ahamie kambi ndogo ya Mchombe, njia ya Mlimba. Nilimfuata Mkuu mpaka kwenye hema. "Mwache abaki, bwana, nakuomba." Akanishika bega, akaniambia nina moyo mzuri.

Komba alikuwa anafunga godoro lake kwa kamba.

"Mpogoro, umeniponza."

"Nenda bwana. Panya wa Mchombe wamenona kwa mpunga."

Alicheka kidogo tu. Kile hakikuwa kicheko chake.

Baada ya hapo niliheshimiwa. Dereva mpya alisema "shikamoo mama," akachukua sahani yake, akaenda kula garini. Wageni walinishukuru kwa mikono miwili. Nilipalia makaa, nikachuja maji, nikaokota kuni, wala hakuna aliyeniambia nimefanana na chochote. Heshima ni nzuri, lakini haikai na mtu jikoni.

Kambi ilifungwa, nikarudi Ifakara na mkono wa kheri, pesa kidogo za kuagwa. Sikudai zaidi. Kazi yangu niliifanya vizuri, na atakayebisha aje aoke mkate kwenye debe. Mkuu wangu simlaumu kwa ubaya, maana hakuwa nao. Alinilinda nisipate kitu ambacho hakuwa na jina lake.

Nilikuwa nimeshakaa nyumbani habari zilipokuja kwamba Komba amefia Mchombe, alikokuwa anaendesha malori ya mpunga. Nilikwenda. Msibani mtani ana kazi: kumkejeli marehemu ili wafiwa wapate kupumua. Nilichukua ungo, nikaukamata kama usukani, nikapiga honi kwa mdomo, nikakaa njiani jeneza lisipite.

"Mvivu wewe! Malori yote haya, umeshindwa kupanda moja kuja kunisalimia? Leo ndiyo unajifanya hunisikii!"

Mjane wake alicheka machozi yakimtoka. Watu wakapiga makofi. Nikamtukana Komba kwa miaka yote iliyopita, mpaka pumzi ikanikatika. Halafu nikanyamaza, ungo mkononi, kumwachia nafasi anijibu.