Kalke ya Jirani

Nachora plani za nyumba, hapa Lubumbashi, katika chumba kimoja cha mtaa uitwao Kenya, katikati ya fundi wa kuchomelea vyuma na kanisa lenye vipaza sauti vinne. Nilidhani ni vitatu, nikahesabu tena. Kabla ya hapo niliuza nyanya pamoja na mama yangu, na sokoni ndiko nilikojifunza kwamba kitu kilichohesabiwa mara moja bado hakijahesabiwa.

Asiyeijua kazi yetu hudhani mchoro wa kompyuta ni karatasi moja. Sivyo. Ni kama vioo vingi vilivyolazwa kimoja juu ya kingine: hiki kina kuta, hiki milango, hiki nyaya za umeme, hiki mabomba. Sisi tunaviita kalke. Kando ya jina la kila kalke kuna kitaa, alama ya taa ndogo. Ukikibofya, kalke inazimika na vyote vilivyomo vinaondoka machoni. Havifutiki, bofya tena, vinarudi palepale bila kusogea hata sentimita. Kwa hiyo fundi umeme napata kumpa kuta na nyaya bila vitanda, na mwenye nyumba nampa vitanda, makochi na gari ambalo bado hajalinunua.

Kuna pia njia ya kuficha kitu kimoja kimoja, mlango huu tu, nguzo ile tu, bila kuzima kalke nzima. Njia hiyo siipendi. Kalke iliyozimwa inaacha kitaa cheusi kinachokukumbusha. Nguzo iliyofichwa peke yake haikukumbushi kitu, unakuja kuikumbuka siku fundi anapokuuliza paa litakaa juu ya nini.

Kalke zangu ni kumi na nne. Wenzangu wengi wana kumi na tatu. Ile ya kumi na nne ndiyo wanayonichekea, na ndiyo ninayojivunia. Nimeiita Ya Jirani. Humo nachora vilivyo upande wa pili wa ukuta: mashimo ya vyoo, visima, miti yenye mizizi mirefu. Kabla sijachora parseli ya mtu, yaani kiwanja chake, nabisha hodi kwa majirani zake wote, utepe wa kupimia mkononi, na kuwaomba waniruhusu nipime vyoo vyao. Maombi hayo yanahitaji uso mkavu.

"Weye uko nachora nyumba ya mwenye alikuita, ao ya kartye, mtaa muzima?" mchoraji mwenzangu aliniuliza siku moja.

"Ya mwenye aliniita," nilimjibu. "Lakini maji ya chini haiombake ruhusa ya kupita."

Alicheka hadi akakaa chini. Nilimwacha acheke.

Mwaka uliofuata akaja mama mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye parseli kule Annexe, pembezoni mwa mji, upande ambao ndege za uwanja wa Luano zinapita chini hadi unasoma maandishi ya tumboni. Alikuwa amefanya kama tunavyofanya wengi: kwanza nyumba ndogo nyuma ya parseli, unahamia, unaishi humo miaka, mbele unaacha wazi kwa ajili ya nyumba kubwa. Kichuguu kilichokuwa hapo mbele kilikuwa kimekwisha kuwa matofali, yamepangwa, yamechomwa, yanasubiri. Sasa alitaka plani, na alitaka kisima chake mwenyewe. Miaka kumi na moja alikuwa amebeba maji ya watu kwa ndoo. Hilo la kisima alilisema mara mbili, na mtu anayesema jambo mara mbili mimi namsikiliza.

Tulijadiliana. Alitaka vyumba vinne vya kulala, parseli ilitaka vitatu. Tukakubaliana vitatu na baraza pana kiasi cha kuitwa chumba na mtu mwenye moyo mzuri. Kisima nikakiweka pembe ya mbele, kushoto. Kisha akaona kwenye kioo cha kompyuta miviringo mitatu ya kijani, nje ya ukuta wake wa kulia.

"Na hii miviringo?"

"Ni mafosi ya majirani, mama. Mbili ya huyu wa kuume, moja ya mwenye kumufuata."

"Weee! Vyoo vya bantu mu plani yangu? Hii nitaitia mu kadri ya kioo, niitundike mu saloni, ba mama ba kanisa bakuye kuiona. Toa!"

"Sitoe, mama. Nazima."

"Basi zima!"

Nilitaka karatasi mbili, yeye alitaka moja. Akapanda hadi moja na nusu. Tukafika mbili: moja safi, ya saluni, yaani sebule yake, kalke ya kumi na nne imezimwa; nyingine ya mafundi, imewashwa. Nilizikunja, nikafunga kila moja kwa mpira. Tofauti niliiandika pembeni kwa herufi ndogo, na hapo kosa ni langu. La pili pia ni langu. Rangi ya kijani. Mtu gani anachagua kijani kwa choo?

Wiki tatu baadaye alinialika nikaione plani ukutani. Ilikuwa Jumamosi mchana. Saluni ya ile nyumba ndogo ilikuwa imejaa: mwalimu, mama wawili wa kanisa, na plani yangu ndani ya fremu ya dhahabu kati ya picha ya harusi na kalenda. Kusema kweli moyo ulinijaa. Hakuna anayetundika nyanya ukutani.

"Tantine, na bustani batamuwekea," mmoja wa wageni alimwambia mwenzake, kidole juu ya kioo. "Tatu, ya kuviringana."

Nikahesabu. Tatu. Nikahesabu tena.

"Mama," nilimuuliza mwalimu taratibu, "ile karatasi ingine iko wapi?"

"Iko na papa wa kisima. Hii ilikuwa na maua, nikasema njo ile yenye ulizima vyoo. Toka juzi anachimba. Hausikie?"

Nilisikia. Koleo, kisha udongo ukianguka. Lakini sauti haikutoka kushoto. Ilitoka kulia.

Nilitoka mbio, viatu nikaviacha mlangoni. Mchimbaji, mzee mwembamba mwenye mikono ya mtu mnene, alikuwa amezama hadi kifuani, karibu na ukuta wa kulia. Kumbe kwenye karatasi yake safi upande ule ulikuwa mweupe mtupu, na palikuwa karibu zaidi na jiko la nyumba ijayo. Alikuwa amependekeza kisima kihamishiwe hapo, mwalimu akakubali. Mahali peupe kwenye plani, kwake, ni ruhusa.

"Papa, toka mu shimo."

"Nimeshaingia mpaka kifua, mama."

"Toka kabla kichwa nayo iingie. Apa iko fosi ya jirani, nyuma ya mur, hii ukuta."

Alichukua karatasi iliyokuwa chini ya jiwe, akainyoosha kwa vidole vyekundu. "Plani njo hii. Nionyeshe iyo fosi."

Alikuwa na haki. Haikuwepo. Nilifungua kompyuta yangu juu ya lundo la matofali, nikaipigia kivuli kwa kitenge, nikabofya kitaa cha kumi na nne. Miviringo ikatokea. Mmojawapo ulikuwa mita nne na nusu tu kutoka kichwa chake.

"Uku unabofya, kintu kinatoka mu hewa," alisema. "Na miye nikibofya, kuku itatoka?"

Mwalimu na wageni wake walikuwa wamefika. Mwalimu hakucheka. Alikuwa anatazama lile shimo kama mtu aliyetaka kunywa kutoka humo kwa miaka kumi na moja. Nikaelewa kwamba kompyuta haitoshi. Nilimwita jirani juu ya ukuta, nikamwomba agonge na nondo pale nilipompimia mwezi uliopita. Akagonga udongo. Akasogea hatua moja, akagonga tena. Saruji ililia.

"Fosi yangu," jirani alisema kwa sauti ya mtu aliyeshikwa na kitu ambacho si kosa lake. "Iko hapa toka zamani."

Tukapitisha utepe juu ya ukuta. Mita nne na nusu. Mchimbaji akapima mwenyewe. Mita nne na nusu. Halafu akatazama jinsi ardhi ilivyoinama kutoka kule chooni kuja huku, na hilo hakuhitaji mashine kulijua. Akatoka shimoni.

"Na hii shimo nani ataifukia?" aliniuliza. Nilimpenda kwa swali hilo. Ni la mtu wa soko.

"Udongo wa shimo mpya njo utaifukia. Haubebe mbali."

"Nusu."

"Yote, na miye nashika utepe mpaka unamaliza kupima."

Alikubali, lakini kabla ya kugusa koleo alirudi kwenye kompyuta. "Washa yote," aliniambia. Niliwasha zote kumi na nne. Mchoro ukawa kama sahani ya makaroni. Aliinama, akatafuta kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole, bila msaada wangu, juu ya kisima cha pembe ya kushoto. Mita ishirini na mbili kutoka shimo la choo la karibu zaidi. Mchoraji mwenzangu angeiona siku ile, asingekaa chini kucheka.

"Kumbe ile bustani…" mama mmoja wa kanisa alianza.

"Ni ya jirani," mwalimu alimkata.

Maji yalipatikana siku ya tisa. Mwalimu alinipigia simu, nikaenda. Ndoo za kwanza zilikuwa nyekundu, zikamwagwa. Jioni yalikuwa yametulia. Mwalimu alijaza kikombe cha kioo, akakiinua kwenye mwanga, akakitazama kwa chini kama anayesahihisha daftari la mtoto asiyemwamini. Kisha akanywa.

"Iko sawa," aliniambia.

Sidhani kama mwanamke yule aliwahi kugawa alama kirahisi. Niliichukua alama hiyo, nikarudi nayo mtaani Kenya, na sikujaribu kuipandisha.