Fundi Breki Aliyeogopa Kuaminiwa

Saa moja asubuhi, Karatu mjini. Silvanus Hhando amelala chali chini ya gari la watalii lililovutwa jana hadi kwenye gereji yake. Anapotoka, ameshika pedi ya breki iliyopasuka katikati.

"Nateremka bonde la kreta kule hifadhini, nakanyaga breki, inazama tu," anasimulia dereva, Yohani. "Nikaligongesha gari kwenye ukingo ili lisimame. Nina wageni watano ndani!"

Anamtaka fundi atume picha kwenye kundi la WhatsApp la madereva, lenye watu zaidi ya mia sita. "Taja na duka tulikonunua, fundi. Wewe ukisema, nani atabisha?"

Hhando, 46, anafuta mikono.

Ana miaka 21 katika kazi hii. Kila gari humpa shilingi 20,000, na kuna siku halipatikani hata moja. Wateja huja kwa sababu ya neno lake. Miaka mitatu iliyopita, neno hilo lilifunga duka la mtu.

Alituma picha ya pedi mbovu na boksi lake, akaandika kwamba imetoka kwa Nasrin, mjane anayeuza spea karibu na stendi. Kesho yake hakuna aliyekanyaga dukani. Baadaye ikabainika kuwa dereva aliinunua kwa mchuuzi Arusha. Boksi tu ndilo lilikuwa la Nasrin, la pedi alizonunua zamani.

"Nilimwomba radhi mbele ya kundi zima," anasema. "Lakini picha ilishafika Mto wa Mbu. Radhi yangu haikutoka hapa Karatu."

Nasrin alifunga duka miezi minne.

Sasa Hhando anaandika, anafuta. Barabarani magari yanapita kuelekea hifadhini.

"Nikinyamaza, mtu anaweza kufa leo," anasema. "Nikikosea tena, nitamzika mtu akiwa hai."

Hatimaye anatuma: "Mliofungiwa pedi mpya wiki hii, msiteremke kreta. Njooni nikague bure. Zimetoka wapi, bado sina hakika."

Kufikia saa tano, magari tisa yamekaguliwa. Mawili yana pedi zenye nyufa. Madereva wao wanaonyesha risiti: zote za Nasrin.

Yohani anachomoa simu aandike kundini. Hhando anamshika mkono, anapiga yake.

"Dada Nasrin, zile pedi mpya usiziuze. Nakuja tuziangalie."

"Safari hii umeanza na mimi," anajibu Nasrin. "Njoo."

Wanafungua maboksi pamoja. Nusu ya mzigo ni mbovu. Nasrin mwenyewe anawaandikia madereva wazirudishe, wapewe nyingine.

Hhando anapanga kuwakutanisha mafundi watatu, wawe wanakagua kwa pamoja kabla onyo halijatumwa. Pia ana ombi moja.

"Natamani siku moja niandike jambo, mtu aniulize: Fundi, una hakika?"