Aliyetangulia Kukaa

Kwa miaka mingi Ijumaa yangu haikuishia msikitini. Iliishia hotelini, kwenye meza ya pembeni karibu na beseni la kunawia, mimi na wenzangu watatu: mwalimu mstaafu, dalali wa samaki wa pale mnadani, na muuza vitambaa ambaye babu yake alitoka Bara Hindi akafungua duka Bagamoyo kabla babu zetu hawajajua kuvaa suruali, kama anavyopenda kututania. Tulikuwa tukitoka kuswali tunakula wali pamoja. Hayo tu.

Nikisema hoteli, mtu asidhani ni zile za ufukweni zenye vitanda na watalii. Ni chumba kimoja chenye meza chache na feni isiyozunguka, na mwenyewe ni mama mmoja wa Miono. Wali wake wa nazi ulikuwa ukishikana vizuri vidoleni, na juu yake alikuwekea changu mzima, tembele, kachumbari na ndizi mbivu. Tulikuwa tunashushia kwa soda baridi.

Meza yetu ilikuwa na kanuni ambayo hakuna aliyewahi kuitamka. Aliyetangulia kukaa ndiye mwenye meza. Yeye ndiye anayeagiza, na wengine wanakula alichoagiza bila kuchagua. Yeye ndiye anayelipa pia, lakini halipi mbele za watu. Anainuka kana kwamba anakwenda kunawa, anapitia kwa mama, anarudi anajifuta mikono, na wenzake wanajifanya hawakuona kitu. Siku hizo tulikuwa tunagombania kutangulia. Kuna Ijumaa dalali alitoka msikitini dua haijaisha ili awahi kiti, tukamsema wiki nzima.

Kisha vyuma vikakaza. Mimi kazi yangu ni kuchonga milango na makasha, na watu wanaojenga siku hizi wanaweka milango ya chuma. Watalii nao wakapungua. Aliyebaki alikuwa anapapasa kasha, anasifu mkono wangu, anauliza bei, anakwenda zake. Mwalimu pensheni yake ilibaki pale pale na sukari ikapanda. Dalali akawa anapiga mnada kwa sauti ile ile ya zamani mbele ya wanunuzi waliokunja mikono.

Mama wa hoteli, Mungu ampe heri, hakukimbilia kupandisha bei. Alianza kwa kupunguza. Zikaondoka ndizi, ikaondoka kachumbari, halafu changu akaanza kukatwa kiunoni, mmoja apate kichwa na mwingine mkia. Mwisho nazi ikawa nyepesi mpaka wali ukatawanyika sahanini. Na bado ikabidi apandishe bei. "Baba zangu, nisameheni," alisema, "mafuta yamenishinda." Hatukumlaumu. Soda tuliiacha wenyewe, tukasema daktari amekataza sukari, wote wanne kwa mpigo.

Hapo ndipo sunna zetu zilipoanza kurefuka. Swala ya Ijumaa ikiisha, mwalimu alikuwa anasimama kuswali rakaa mbili, halafu mbili nyingine. Dalali akawa na tasbihi ndefu. Muuza vitambaa alitafuta viatu vyake mlangoni kama mtu aliyeibiwa, navyo viko mbele yake. Kila mmoja alikuwa anasubiri mwingine atangulie. Na aliyekuwa anatangulia ni mimi, Ijumaa baada ya Ijumaa. Nilikuwa naagiza, nakwenda kunawa, narudi najifuta mikono. Nilikasirika sana. Nilikuwa nikiwaona wanakuja kwa mbali wamepoa kama waliotoka hija, na nilitamani kuwarushia kikombe.

Lakini nilitangulia. Mke wangu amefariki, na binti yetu ameolewa Vigwaza. Siku nyingine za wiki nakula nilichonunua njiani, nimesimama jikoni, natazama ukuta. Ijumaa ilikuwa siku pekee niliyokula na watu. Samaki ningeweza kumkosa. Kuwakosa wale watatu niliogopa, tena niliogopa kweli, wala sipambi maneno.

Ikafika Ijumaa ambayo mfuko wangu ulikuwa na pesa ya sahani moja tu. Nikaamua nami nisitangulie. Nikainua mikono nikaomba dua, nikawaombea wazazi, nikawaombea majirani, nikaishiwa na watu wa kuwaombea. Msikiti ukawa mtupu. Tulibaki sisi wanne, kila mmoja kwenye nguzo yake. Mwalimu alikuwa amerukuu na haonyeshi dalili ya kunyanyuka. Muuza vitambaa alikuwa amefungua msahafu anausoma, na miwani yake imo mfukoni. Muadhini alikusanya mikeka yote isipokuwa tuliyoikalia, akatusimamia na ufagio.

"Wazee wangu," akasema, "leo mmenuia itikafu, mlale humu humu msikitini?"

Hakuna aliyecheka. Nikainuka, na wenzangu wakainuka nyuma yangu haraka. Tulipokuwa tunavaa viatu nikasema, "Leo kila mtu ajilipie."

"Astaghfirullah," mwalimu akasema. "Sasa tumekuwa abiria wa basi?"

"Mwache, mwalimu," dalali akasema. "Vyuma vimekaza, bwana."

Tukaenda pamoja, na tukakaa kwa pamoja, nadhani kwa mara ya kwanza.

Mama akaja. "Shikamooni, baba zangu. Sahani nne kama kawaida?"

Tukamwitikia marahaba, kisha tukatazamana. Dalali, mtu anayeshinda na samaki tangu alfajiri, akaagiza wali maharage. Muuza vitambaa akasema atiliwe wali na mchuzi, mchuzi tu. Mwalimu alidai tumbo linamsumbua, akaomba chai na chapati moja. Mimi nilikuwa na ya samaki mfukoni, nikaagiza maharage.

Wahenga wanasema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Siku ile tulioshana wenyewe. Miaka yote kanuni yetu ilikuwa imetusitiri, kwa sababu kila aliyekula alikula sahani ya mwenye meza, na hali yake mwenyewe hakuna aliyeiona. Sasa hali ya kila mmoja ilikuwa mezani, inatoka mvuke. Mwalimu aliimega chapati vipande vidogo vidogo, na nilijua tumbo lake halina tatizo lolote.

Tulipomaliza tukaenda kwa mama mmoja mmoja kutoa pesa. Alipokea ya kwanza, akapokea ya pili, kisha akatutazama usoni.

"Baba zangu, mmegombana?"

"Hatujagombana," mwalimu akajibu, akatoka bila kunawa.

Ijumaa iliyofuata tulipeana mikono msikitini, tukaulizana habari za watoto na wajukuu. Hoteli haikutajwa. Kila mmoja akashika njia ya kwake, wao kwenye nyumba zenye mtu jikoni, mimi kununua mkate. Na iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Hakuna aliyemkosea mwenzake, na kwa hiyo hapakuwa na la kusuluhisha. Hilo ndilo lililonichosha kuliko kitu kingine.

Ijumaa moja nikajikuta naelekea kwa dalali. Nilijiambia nakwenda kumjulia hali mkewe, aliyekuwa na homa. Uongo mtupu. Homa ilikuwa imekwisha kitambo, na saa ile nilijua fika ni saa ya chakula. Kwetu mtu anayefika kwa watu saa ya chakula ana jina lake, mdoezi, na wengine nimewahi kuwaita mimi mwenyewe. Sikujali. Nilikuwa nimechoka kula nimesimama.

Nikapiga hodi. Akatoka mwenyewe, mkono wa kulia ameuinua usiguse kanzu kwa sababu una wali. Nyuma yake niliona mkeka, mkewe, wajukuu wamebanana, na sinia moja katikati.

"Karibu, shehe. Karibu, tunakula."

Mdomo ukajibu wenyewe, kama ulivyofundishwa tangu utoto.

"Ahsante, nimeshakula."

Mtu yeyote wa pwani anajua kwamba hilo si jibu. Anayekukaribisha hatakiwi kulikubali. Anatakiwa akushike mkono, aseme hata tonge moja, aape kwamba hutatoka hivi hivi, nawe ukatae tena kidogo, kisha uvue viatu. Nimekataa hivyo maisha yangu yote, na kila nilipokataa nilikula. Kwa hiyo nilisimama pale kizingitini nikisubiri aseme mara ya pili.

Alilitazama sinia. Akawatazama wajukuu. Kisha akanitazama mimi, na nikaona kwamba amenielewa vizuri kabisa, na kwamba haya aliyoiona yeye ilizidi yangu.

"Haya, shehe," akasema taratibu. "Basi kaa unywe maji."

Nikavua viatu, nikakaa kwenye ncha ya mkeka. Wakaniletea maji kwenye glasi ya wageni. Niliyanywa polepole, yasije yakaisha kabla wao hawajamaliza kula.